Viatu Mlangoni mwa Chumba cha Kompyuta

Chumba cha kompyuta cha shule yetu kiliingiwa kwa miguu mitupu. Mkuu wa shule aliamuru hivyo siku ile ile mashine zilipotolewa kwenye maboksi. Vumbi la Mbagala, alisema, likizikuta hizi kompyuta tutazizika kabla hazijatufaa. Basi kila aliyetaka kuingia alivua viatu mlangoni kana kwamba anaingia msikitini, na mimi, niliyeapa kutotia mguu mle ndani, nikawa napita kibarazani na chaki zangu mkononi nikivikagua viatu.

Nilivijua vyote. Vile vyeusi vya mtumba vilivyoshonwa ubavuni kwa uzi wa bluu vilikuwa vya kijana mmoja mrefu, hodari wa hesabu, ambaye nilimfundisha tangu Kidato cha Kwanza. Raba zilizopakwa chaki ili zionekane nyeupe zilikuwa za rafiki yake. Na vile vya plastiki, vilivyokatwa kisigino kwa sababu mguu ulishakua na mzazi hajanunua vingine, vilikuwa vya binti mwenyekiti wa klabu yangu ya sayansi. Hivyo ndivyo vilivyoniuma kuliko vyote, maana havikukosekana hata siku moja.

Ilikuwa miaka ya tisini inakwisha. Nchi ilishafungua milango na kila kitu kilikuwa kinaingia kikiwa kimeshatumika: suruali za mtumba, friji za mtumba, na sisi tukaletewa kompyuta za mtumba, mbili, zimeunganishwa kwa waya ili zifanye kazi moja. Wafadhili walizileta, wakapiga picha, wakaondoka. Zilihitaji chumba chenye mlango wa kufungika, na shule ilikuwa nacho kimoja tu, nacho kilikuwa stoo yangu.

Sitaki kusema stoo tu, kwa kuwa mle ndani nilikuwa nimeweka kazi ya miaka. Palikuwa na moyo wa udongo wa mfinyanzi wenye mirija ya mpira, palikuwa na mapafu ya maputo ndani ya chupa, na kisima cha kioo kilichoonyesha maji yanavyopita kwenye mchanga. Yote niliyatengeneza na wanafunzi. Nilirudi kutoka likizo nikayakuta yamelundikwa kwenye kona ya ofisi ya walimu, karibu na majembe ya shamba la shule. Mahali pake palikuwa na pazia, feni na meza zilizopakwa vanishi. Mimi kwa miaka yote ile niliomba feni sikupewa.

Aliyekabidhiwa chumba hicho alikuwa mwalimu mpya, binti ambaye hata harufu ya chuo kikuu haijamtoka. Na hapo ndipo wivu wangu ulipopata miguu, kwa sababu binti huyo nilimfundisha mimi. Alikaa kwenye dawati la mbele la darasa langu, akakanda udongo wa moyo ule kwa mikono yake, kabla wazazi wake hawajapata kiwanja Mbweni na kuhama. Sasa alirudi na kiatu cha kisigino na mkoba wa ngozi, wanafunzi wakamwita Madam. Mimi, mwanamke kama yeye, nilikuwa Mwalimu. Yeye alikuwa Madam. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, na laiti angekuwa hana adabu ningepata nafuu.

Klabu ya sayansi ilikuwa na shughuli yake muhula ule. Wasichana wengi walikuwa wanachelewa kuhesabiwa namba asubuhi na kuchapwa, na sababu ilikuwa maji. Mtaa ule ulitegemea bomba moja la kisima kirefu, lililofunguliwa baada ya adhana ya alfajiri na mama mmoja aliyeshika funguo, na foleni ya ndoo ilizunguka hadi nyuma ya mashine ya kusaga. Nikawaambia wanafunzi tutengeneze modeli ya ile foleni, tujue msichana akipanga ndoo yake saa fulani atafika shuleni saa ngapi. Wazo hilo lilikuwa langu. Naliandika hapa kwa sababu baadaye watu walilisahau.

Modeli yangu ilikuwa bao, bao hili hili la kete linalochezwa barazani. Kila shimo lilikuwa robo saa. Kete zilikuwa ndoo. Mwanafunzi mmoja alitia kete za ndoo zilizofika, mwingine akatoa za ndoo zilizojazwa, na zilizobaki zikahamia shimo linalofuata. Kundi moja lilikwenda bombani alfajiri kuhesabu, wakaniletea hesabu zao, nami nikawaongoza shimo kwa shimo. Ilikuwa kazi safi na niliipenda.

Kisha Madam akawaomba zile zile hesabu azitie kwenye kompyuta.

Sikuwa na la kukataa. Tuligawana siku, Jumatatu wakae na mimi na bao, Jumatano wakae na yeye. Haukupita muda Jumatatu zangu zikaanza kupwaya. Mmoja ana homa, mwingine katumwa, na nikitoka kibarazani naviona viatu vya mgonjwa vimepangwa mlangoni kwa Madam.

Nikamwita yule binti mwenyekiti, nikamuuliza kwa upole ambao sikuwa nao moyoni, kule kuna nini.

Akaangalia chini. "Mwalimu, kule tunabishana," akasema.

"Na hapa?"

"Hapa tukikosea unatuambia palepale."

Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Siku ya Jumatano nikapita dirishani polepole nione huo ubishi unaoshinda bao langu. Pazia lilikuwa limevutwa nusu. Kundi moja lilikuwa kwenye kompyuta ya kwanza linaingiza ndoo zilizofika, kundi la pili kwenye nyingine linaingiza zilizojazwa, na jedwali lilikuwa moja kwa wote, namba ya huku ikitokea kule. Palikuwa na sheria. Hakuna aliyeruhusiwa kufuta namba ya mwenzake bila kumwita kwa jina na kumweleza kwa nini. Basi walikuwa wanaitana toka pembe hii hadi ile, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, wanagombana kuhusu ndoo kama kina mama wenyewe wa bombani. Madam alikaa nyuma, mikono kifuani, kimya. Nikasema moyoni, huyu anakula mshahara wa bure.

Halafu kijana mrefu akalalamika kwamba mstari wa foleni uliochorwa kwenye kioo cha kompyuta haufanani na foleni aliyoiona mwenyewe, na Madam akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Sasa mnashangaa nini?" akasema. "Modeli ni uongo unaokubali kusahihishwa."

Wakacheka, na mmoja akayaandika maneno yake ubaoni.

Maneno hayo ni yangu. Nilimwambia yeye mwenyewe, akiwa Kidato cha Pili, siku moyo wa udongo ulipopasuka akalia. Nilisimama nje ya lililokuwa dirisha langu nikisikiliza maneno yangu yanatoka kwenye kinywa kingine, wanafunzi wangu wanayaandika, na hakuna aliyejua yametoka wapi. Nilirudi ofisini nikasahihisha madaftari kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Nyumbani mume wangu alinisikiliza weee, kisha akatua kikombe chake. Akasema amewaona wanawake walioletewa mke mwenza wakanuna nafuu kuliko mie, na wao angalau mume wanamuona, mie mume ninayemgombania ni waya na kioo. Nikamwambia asinichekeshe. Akaniuliza kwa nini basi siendi kujifunza. Nikaondoa vyombo, kwa sababu jibu lilikuwa kwamba nisingeweza kukaa kwenye dawati huku binti niliyemfundisha mwenyewe amesimama mbele.

Na ubaya ni kwamba kile chombo kilikuwa kizuri. Nisiseme uongo. Majibu ya bao na ya kompyuta yalikuwa karibu sawasawa, hesabu zilikuwa zile zile, lakini bao lilikula kipindi kizima na kompyuta haikumaliza hata pumzi. Siku moja mwanafunzi aliuliza, je, kungekuwa na mabomba mawili? Kwangu ilibidi tukusanye kete tuanze upya, na kengele ikalia tungali kwenye mashimo ya mwanzo. Kwao walibadilisha namba moja tu na mstari ukalala chini mbele ya macho yao, mwanafunzi mmoja akapiga makofi. Nilikuwa dirishani. Niliona wivu, ule wa kukitamani kitu kwa sababu ni kizuri na si chako.

Mkuu wa shule naye akaleta lake. Klabu haiwezi kuwa na walezi wawili, alisema. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia na maofisa wa elimu wangekuja. Kazi zote mbili zionyeshwe, halafu yeye atamtangaza mlezi mmoja. Alisema hivyo mbele yetu sote wawili, akinitazama mimi kama anayenipa nafasi ya kuaga kwa heshima. Klabu ile niliianzisha mimi, na sasa nilitakiwa kuipigania.

Onyesho lenyewe lilipangwa hivi. Yule binti mwenyekiti angepanga ndoo yake bombani baada ya adhana, siku hiyo hiyo ya wazazi. Ubaoni getini ingeandikwa saa ambayo modeli zimetabiri atawasili, na wageni wangekaa kumngoja. Akifika kwa wakati, sayansi imesema kweli. Bao langu na kompyuta ya Madam vingekaa meza moja. Nililipaka bao mafuta ya nazi likang'aa. Usiku sikupata usingizi nikiwaza jinsi nitakavyoeleza, nikimuona mkuu wa shule akitikisa kichwa kukubali.

Alfajiri ile shangazi yangu akafariki.

Ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na lile bomba, na alikuwa anaumwa muda, lakini sisi tulizoea kuumwa kwake tukadhani kutaendelea. Nilifika nikiwa nimevaa gauni nililokusudia kuvaa mbele ya maofisa, mtu akanitupia kanga juu yake. Wanawake wakaanza kuja, wakavua viatu mlangoni, wakaingia kukaa mkekani.

Mtaa wetu hauna sheria nyingi, ila hii haivunjwi: penye msiba maji hayapangi foleni. Kuna maiti ya kuosha, kuna watu wa kupikiwa. Mama wa bomba hakuhitaji kuambiwa. Alisimamisha foleni yote, na ndoo iliyokuwa imejaa, ya nani sijui, ikaelekezwa kwa shangazi. Wenye ndoo hawakulalamika. Waliziacha zimejipanga pale pale wakabeba maji wenyewe kuyaleta.

Katika wiki zote zile za kupima, mtaa haukuwa umefiwa. Na wale wanafunzi wote, waliozaliwa na kukulia pale, na mimi mwenyewe niliyechota maji ya misiba tangu utoto, hakuna aliyekumbuka kuiambia kompyuta wala bao kwamba msiba unapita mbele. Tunalijua jambo hili kama tunavyojua kupumua, na hakuna anayeandika kwenye hesabu kwamba anapumua.

Nilikuwa nimekaa naelekea mlangoni. Nikaviona viatu vya plastiki vilivyokatwa kisigino vinavuliwa, na yule binti akaingia na sare yake ya shule, ndoo kichwani, akapita hadi uani, akamimina, akatoka. Alirudi tena. Na tena. Aliporudi mara nyingine nilimuona ameinama pale mlangoni anageuza viatu vya kina mama watu wazima, vielekee nje, ili mtu akitoka asihangaike. Ndivyo shangazi alivyotufundisha sisi wa nyumba ile: mkubwa akiingia, mdogo amgeuzie viatu. Sikujua kama watoto wa siku hizi wanaijua adabu hiyo. Nililia hapo zaidi ya nilivyokuwa nimelia tangu nifike.

Halafu, Mungu anisamehe, katikati ya kilio nikakumbuka geti la shule. Wageni wamekaa wanamngoja, saa iliyoandikwa ubaoni inapita, na kompyuta imeaibika. Nikahisi raha kidogo, nisiyoweza kuieleza kwa mtu yeyote pale mkekani. Raha hiyo haikudumu, kwa sababu nikakumbuka kwamba pembeni ya kompyuta limekaa bao langu, limepakwa mafuta, nalo limetabiri saa ile ile.

Mchana, baada ya maziko, mlango ukajaa viatu. Vyeusi vyenye uzi wa bluu, raba za chaki, vyote, na katikati yake viatu vya kisigino. Madam alipiga magoti mkekani mbele yangu.

"Shikamoo Mwalimu. Pole sana."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Akanieleza kwa sauti ya chini yaliyotokea. Ofisa mmoja aliuliza kwa nini mashine imekosea, na kabla yeye hajajibu, kijana mrefu alishasimama na kusema mashine haijakosea, ila hawakuiambia kwamba mtaani kuna msiba. Wageni walipendezwa mno. Na yeye akawaambia kuwa modeli ni uongo unaokubali kusahihishwa.

Kanga ilikuwa imenifunika nusu ya uso, na hiyo ikanisaidia kuuliza. "Uliwaambia maneno ya nani?"

"Niliwaambia ya mwalimu wangu," akasema. "Niliwaambia mwalimu wangu leo hayupo kwa sababu aliyefiwa ni yeye."

Ilikuwa vizuri kuambiwa hivyo. Ingekuwa vizuri zaidi kama ningekuwepo nikasikia kwa masikio yangu, na kama mkuu wa shule naye angesikia.

Nilirudi kazini baada ya matanga. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Akaongeza kwamba kwa kuwa onyesho lilifanywa na Madam peke yake, na wageni waliridhika, ameona ulezi wa klabu ubaki kwake, nami nipumzike. Basi ikawa hivyo, mimi nikapewa pole, yeye akapewa klabu.

Nilipita kibarazani na chaki zangu. Viatu vilikuwa mlangoni kama kawaida na nikavitazama kama kawaida. Nilishafika mwisho wa kibaraza nikasikia miguu mitupu inanikimbilia nyuma.

"Mwalimu, tumekwama," yule binti mwenyekiti akasema. "Msiba hatujui uingie wapi. Kwa ndoo zilizofika au kwa zilizojazwa?"

"Si umuulize mlezi wenu?"

"Tumemuuliza. Kasema yeye haujui vizuri mtaa huu siku hizi, tukuulize wewe."

Nilisimama mbele ya kile kizingiti muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikavua viatu. Vyangu vilikuwa vimelika upande mmoja na ndani nilikuwa nimetia kipande cha boksi, na watoto wote wakakiona. Saruji ilikuwa ya baridi. Feni ilikuwa inazunguka. Walinivutia kiti mbele ya kioo, na Madam akabaki nyuma, mikono kifuani.

Nikawaambia msiba uingie kwa zilizofika, ni kama ndoo nyingi zimekuja kwa pamoja na kukaa mbele. Mmoja akaandika. Mstari ukapanda. Nikajisikia vizuri.

"Samahani Mwalimu," kijana mrefu akaniita kutoka kwenye kompyuta ya pili. "Nataka kuifuta namba yako. Sie siku ile, kabla sijakimbilia shuleni, tuliacha ndoo zetu kwenye foleni tukajaza zile zile za mbele, tukazirudisha tupu zikajazwa tena. Ndoo haziongezeki. Zinajazwa halafu haziondoki."

Kwenye bao langu hakuna mtoto aliyewahi kuniita namna hiyo. Nilimtazama, nikaukumbuka mlango wa shangazi, ndoo ile ile ikiingia imejaa na kutoka tupu, ikiingia na kutoka. Alikuwa sahihi kabisa. Nikamwambia afute. Wakaanza kubishana jinsi ya kuandika ndoo inayojazwa na isiondoke, nami nikabishana nao hadi kengele ya mwisho, na kwa muda wote huo nilimwonea wivu Madam aliyesimama nyuma kwa kila Jumatano aliyokwishapata.

Nilitoka wa kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Mlangoni viatu vilikuwa vimelundikana ovyo, juu ya vingine na chini ya vingine, isipokuwa vyangu. Vyangu mtu alikuwa amevitoa kwenye lundo, amevipanga sambamba, na amevigeuza vielekee nje. Nikatafuta viatu vya kisigino. Vilikuwa pale pale vilipovuliwa, kimoja kimelala ubavu, vinaangalia ndani. Nikatia miguu kwenye vyangu taratibu, bila kuinama, nikasubiri Madam atoke na yeye aone.